Hatuuzi, Nilisema Mimi

Ijumaa, Chilangala. Wingu limetanda tangu alfajiri, mvua haitaki kunyesha na haitaki kuondoka. Joto la leo linakaba. Simu nimeizima nikaifukia chini ya mto, maana najua ikiwashwa tu itaanza matusi.

Kwa anayepita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mkulima wa korosho, mama wa Shaibu, na ni mwenyekiti wa wanawake wa chama chetu cha upinzani hapa wilayani Newala. Niligombea udiwani nikaanguka, na nitagombea tena Mungu akinijalia uzima. Mdomo ninao, hilo hata walionishinda hawalibishi.

Leo huo mdomo umenitia pabaya.

Mikutanoni nasema yale yale kila siku, na sioni aibu. Nasema sukari imekuwa ya kuonjeshwa watoto kama dawa. Nasema mafuta ya kula siku hizi tunanunua kwa vifuko vidogo, unakaanga samaki mmoja kifuko kimekwisha. Salfa ya kupulizia mikorosho inakuja maua yameshapukutika. Korosho ikiuzwa, kuna makato ya hiki na makato ya kile, mpaka unajiuliza mwenye shamba ni nani. Na maji jamani! Mradi umezinduliwa, wakubwa wamepigwa picha wakinawa mikono, walipoondoka mabomba yakabaki kutoa upepo. Tunanunua dumu kwa vijana wa bodaboda, na asiye na hela anateremka bondeni na ndoo kichwani, kisha aupande mlima nayo.

Mheshimiwa diwani wetu akanijibu siku moja hadharani. Eti wananchi wa hapa wanalia hali ngumu mchana, jioni wanapiga ngoma za unyago na kupika mapilau. Hee! Nilimrukia palepale. Nikamwambia mwali hatolewi ndani kwa kupigiwa makofi matupu, na mama anayemlisha kila aliyekuja kumpongeza binti yake hafanyi anasa, anatimiza alichotimiziwa yeye. Akina mama walinipigia vigelegele mpaka mkutano ukasimama.

Nayasema haya ili ieleweke Ijumaa iliyopita nilikuwa na kichwa kikubwa kiasi gani.

Ijumaa iliyopita ulikuwa mnada. Wanunuzi wanaleta bei zao, bei zinasomwa mbele yetu, halafu wakulima tunaulizwa: mnauza au hamuuzi? Tukisema hatuuzi, korosho zinabaki ghalani mpaka mnada mwingine. Ndiyo haki pekee tuliyo nayo mkononi, na tunaipenda. Basi bei ikasomwa, ikawa chini ya ile ya msimu uliopita. Watu wakaguna. Nami nikasimama bila kuitwa, nikapanga upya khanga begani, nikasema kwa sauti yangu yote: "Hatuuzi!"

Uwanja ulilipuka. Hatuuzi! Hatuuzi! Hata wazee waliosinzia waliamka na kuitikia.

Nyumbani Baba Shaibu aliniuliza jambo moja tu. "Mvua zimekaribia. Umewahi kuona bei ikapanda mvua zikikaribia?" Hilo analijua kila mtu wa huku aliyekulia chini ya mikorosho. Korosho za mwisho wa msimu zinakuwa na unyevu, wanunuzi nao wanakuwa wameshajaza maghala yao. Mkulima aliye ndani yangu alilijua hilo vizuri kabisa. Aliyesimama pale alikuwa mgombea.

Video ikasambaa. Kaka yangu wa Lupaso, kule Masasi, akapiga akinicheka: "Sisi tumeshauza, dada. Nyie endeleeni kuhutubia magunia." Lakini kiongozi wetu wa mkoa alifurahi mno, akaniambia nimeitikisa serikali. Nilitembea siku nzima nikijiona mrefu.

Kisha nikamwona Mama Fatu.

Mama Fatu ni jirani yangu, ukuta wangu na wake zimetenganishwa na mti mmoja wa mpapai. Mume wake alifariki, mikorosho anaihudumia mwenyewe. Fatu, binti yake, amemaliza darasa la saba na sasa yuko ndani, ni mwali. Haonekani. Jioni namsikia tu akifundishwa nyimbo na kungwi wake, kwa sauti ya chini. Anatolewa kesho. Siku ilishatangazwa na watu wa Newala mjini walishaalikwa. Sisi wa huku ndivyo tulivyo, tunapanga siku ya ngoma korosho zikiwa bado mtini, halafu tunaomba bei itufuate. Mama Fatu alitegemea mnada ule. Mwenye duka alikuwa amemwahidi mchele, mafuta na sukari atakaposikia tumeuza. Tuliposema hatuuzi, mchele ukarudi stoo.

Jumapili nilimkuta anapandisha ndoo kutoka bondeni. Nikamwamkia, akaitika, akapita. Jumanne nikamwona tena na ndoo, safari hii na wifi yake, mbio mbio. Hakulalamika wala hakuja kuniomba chochote. Angekuja kunifokea ningemjibu, kazi hiyo naiweza. Alinyamaza, na kimya chake kikanikosesha usingizi. Kila nikisikia sauti ya yule binti nyuma ya ukuta najiambia: huyu mtoto atatolewa kwa aibu kwa sababu yako wewe, mwanamke wa majukwaani.

Nilimwambia Baba Shaibu twende tukamsaidie kwa tulicho nacho. Akasema, "Nenda umuulize kwanza anataka nini." Niliona ananichelewesha. Sikwenda. Nilikuwa naona haya, tuseme ukweli.

Jana kiongozi wetu wa mkoa akapiga tena. Mnada wa leo nisimame vilevile niseme hatuuzi, atatuma watu wa kamera. Nikamwambia, mheshimiwa, minong'ono ni kwamba bei itashuka zaidi. Akasema, "Ikishuka ndiyo vizuri zaidi kwetu, mama. Hoja inakuwa na nguvu."

Vizuri zaidi kwetu.

Nilisema sawa, nikakata simu. Lakini lile neno lilinifuata mpaka jikoni. Kwetu akina nani? Mimi naingia kwenye siasa kwa sababu ya sukari na maji, halafu nafika mahali ambapo watu wakikosa sukari na maji ndiyo nafuu yangu? Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe wakati wa kuosha vyombo. Nikaamua. Nitasimama, lakini nitasema nilichoamua mimi. Watanifukuza chama, basi wanifukuze. Udiwani uende zake.

Leo asubuhi nilivaa khanga ileile. Uwanja wa ofisi ya chama cha msingi cha ushirika ulijaa, watu wakiangalia juu wingu lile na kuangalia chini bila kusema. Mambo yamekuwa hivyo, tunaiomba mvua ijaze visima vyetu vya nyumbani vya kukinga maji ya paa, na wakati huohuo tunaiogopa kwa sababu ya korosho. Mheshimiwa diwani alikaa mbele, miguu ameikunja nne. Vijana wa kamera walikuwa wananitafuta kwa macho. Mama Fatu alikaa safu ya akina mama, kajifunga khanga kiunoni.

Katibu akasoma bei. Ilikuwa imeshuka.

Hakuna aliyeguna. Watu waligeuka wakanitazama mimi. Wote. Diwani naye akageuka, akasema kwa tabasamu lake lile, "Mama Shaibu, leo umemeza ulimi?"

Nikasimama. Nikasema wiki iliyopita niliwaongoza vibaya. Nilijua mvua zimekaribia, nilijua bei haitapanda, lakini nilipenda kushangiliwa. Nikasema kuna watu hapa wana shughuli zao, na haifai wazidi kuumia kwa ajili ya kelele zangu. Makato bado ni ya dhuluma, maji bado hakuna, na hayo nitayasema mpaka nizikwe. "Lakini leo," nikasema, "tunauza."

Diwani alipiga makofi peke yake. Kijana mmoja wa chama chetu aliguna kwa nguvu, akatema mate chini. Kisha sauti zikaanza, tunauza, tunauza, za uvivu uvivu, kama watu wanaoitikia dua wasiyoisikia vizuri. Katibu akaandika. Imekwisha.

Nikarudi nyumbani na machozi karibu, lakini ndani kabisa nilikuwa najisifu. Nikiri hapa, maana nisipokiri hapa sitakiri popote. Nilijisifu kwamba nimejitoa mhanga kwa ajili ya mjane na mwanawe. Nilikuwa nasubiri Mama Fatu aje kunishukuru.

Akaja kweli.

Hakukaa. Alisimama pale kwenye mpapai, jasho linamtoka. Akaniuliza, "Mama Shaibu, wale wenye shughuli uliowasema ni mimi?"

Nikasema ndiyo, mwenzangu, nisamehe, wiki nzima nimekuwa nakuona na ndoo roho inaniuma.

Akasema ndoo zile alikuwa anajaza pipa la maji ya siku ya ngoma. Jumatatu alikwenda kwa kungwi akamwambia mchele hakuna, na kungwi akamjibu kwamba hata yeye alitolewa kwa ugali wa muhogo na kunde, na hakuna aliyekufa. Ndugu zake wakaleta muhogo. Wageni wa mjini wameshaambiwa watakachokikuta, na wamesema wanakuja. "Nilivumilia kwa sababu nilikuamini," akasema. "Niliona leo nitasimama mimi niwaambie watu: mimi mwenye mwali ndani nimeweza kungoja, nani mwingine anashindwa? Neno nilikuwa nalo tayari. Nikageuka, umeshasimama."

Nikajaribu kumwambia bei isingepanda, mvua hizi, ghala lile, unajua mwenyewe.

"Labda isingepanda," akasema. "Mimi pia nina mikorosho, naijua mvua. Lakini wiki ile ulinisemea hatuuzi, hukuniuliza. Leo umenisemea tunauza, hukuniuliza. Tumetenganishwa na mpapai huu mmoja, Mama Shaibu. Ulishindwa nini kuja?"

Kisha akajifunga khanga vizuri akasema ana kazi, kuna muhogo wa kutwanga. Alipofika mlangoni kwake akageuka. "Na mchele wa dukani sichukui. Kesho utakula ugali kama wenzako."

Nimekaa hapa tangu aondoke.

Nimemlaumu kiongozi wa mkoa kwa kusema "vizuri zaidi kwetu" bila kutuuliza sisi ni akina nani. Yeye yuko mbali, hamjui Mama Fatu. Mimi nazima taa naiona ya kwake inazimwa. Nilimgeuza kuwa mjane wa hotuba yangu, wa kuhurumiwa, na kumbe alikuwa ndiye mwenye msimamo uwanja mzima. Bei ya leo ilikuwa yake aikubali au aikatae. Nimeikubali mimi, kwa sauti kubwa, nikijiona mwema.

Diwani atasema kwenye mikutano kwamba hata upinzani umekiri mambo ni mazuri. Chama kitaniita nijieleze. Hayo yananitisha, nisijidai. Lakini yote hayo nitayajibu, majibu hayajawahi kunipiga chenga. La Mama Fatu ndilo sina jibu lake.

Mvua imeanza. Matone makubwa yanapiga bati, bomba la paa linaanza kumwaga kisimani, na nasikia watu wanahamisha ngoma kuziingiza ndani kwa Mama Fatu wakicheka na kupiga kelele. Kwa mara ya kwanza wiki hii yule binti anaimba kwa sauti ya juu.

Kesho nitaamka mapema, nivuke na ndoo za maji mapya, nitwange chochote nitakachopewa kutwanga. Nikishamaliza nitakaa chini na Mama Fatu nimuulize kuhusu makato, kuhusu maji, kuhusu mnada ujao: wewe unasemaje? Halafu ninyamaze mpaka amalize.

Kuuliza nitaweza. Kunyamaza je?