Freni za Nyuma za Gari Letu

Papa,

Gari letu sasa linasimama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza mara ya mwisho, ukiwa kitandani, sauti imekwisha: "Furaha, nyuma utaweka nini?" Nikakujibu kwa kiburi, "Diski, Papa." Ukafunga macho. Nilidhani umechoka tu kubishana na mimi.

Tangu tukuzike hapa Rubondo, mvua zimekuja mara mbili. Mama amelima shamba lote la mahindi peke yake, hataki nimsaidie. Mimi nilibaki na gari chini ya lile turubai: mabomba ya chuma uliyoyaunga kwa mikono yako, viti viwili, injini ndogo, bila paa. Majirani bado wanaliita kitanda cha chuma.

Niliweka freni za diski, Papa. Nilizitoa kwenye gari zito lililokufa, kubwa, zinang'aa. Wewe ulitaka freni za ngoma, ukisema gari hili nyuma ni jepesi kama kuku. Nilikuona mtu wa zamani.

Siku ya kulijaribu, kwenye barabara ya vumbi karibu na kanisa, nilikanyaga freni. Matairi ya nyuma yakaganda kabla ya yale ya mbele. Gari likazunguka, nikajikuta natazama kule nilikotoka. Hakuna aliyeumia. Nilikaa na mikono kwenye usukani, nikalia. Si kwa woga. Ulikuwa umeniambia, na hukuwepo hata kunicheka.

Kesho yake nikatoa ngoma ulizoziacha kwenye gunia, nikazifunga. Na hapo, unisamehe, Papa, nawe ulikosea. Zilikuwa za pikapu. Mkia uliteleza tena, kidogo, lakini uliteleza. Nikacheka peke yangu pale barabarani. Siku mingi vile tulibishana ngoma au diski, kumbe zote zilikuwa kubwa mno kwa gari jepesi hivi!

Nikaenda Mbarara, kwa wauza vipuri vya magari makuukuu, nikachagua ngoma ndogo kuliko zote, za kigari cha mjini. Muuzaji alinishangaa: "Nyabo, dada yangu, hii kadogo ya nini? Chukua kubwa, iko na nguvu mingi." Nikamwambia hiyo nguvu mingi ya nyuma ndiyo inanigeuza. Za mbele zifanye kazi, za nyuma zisaidie tu. Tena waya wa freni ya mkono umeingia vizuri, gari linakaa kwenye mteremko bila kuwekewa jiwe.

Nimelijaribu polepole, halafu kwa mbio, hata kwenye matope. Kila mara limenyooka.

Jumapili Mama alikubali kupanda. Unajua hakuwahi hata kuligusa. Alikuwa anasema lilikula nguvu zako. Alikaa na Biblia mapajani, ameshika bomba kwa mkono mmoja, akisema, "Polepole, Furaha. Polepole, mwanangu." Tulipopita shule ya msingi, kitenge kikaanza kumpepea, nikamsikia anacheka. Papa, sikuwa nimesikia kicheko kile tangu uondoke. Halafu akaniinamia sikioni: "Ongeza kidogo."

Lala kwa amani, Papa. Nakuahidi nitampeleka kwenye ibada kila Jumapili, na siku atakayotaka kushika usukani mwenyewe, nitamfundisha.

Mtoto wako,
Furaha