Sekunde Nne Kabla ya Jina la Odette

Kisangani, Kabondo

Mama yangu,

Nakusalimu kwanza kama ulivyonifundisha, ingawa leo mkono wangu unagoma. Habari ya mwili wako? Ule mguu wa kulia unaovimba ukikaa sana, umeshuka? Nauliza kwa sababu najua siku hizi unakaa chini kwenye mkeka tangu asubuhi, watu wanaingia na kutoka kukupa pole. Mimi ni mzima, nakula, kazini naenda. Pole sana kwa kufiwa, mama. Nami nimejipa pole mwenyewe, maana hakuna aliyeniletea.

Barua hii nimempa Mama Béa, yule anayeuza chumvi soko la Banalia, nimemwapisha aiweke mkononi mwako. Sikupiga simu kwa sababu simu yako anaishika Faustin, na kila neno linaloingia humo linasikilizwa na parcelle nzima, kila anayeishi kiwanjani kwetu. Hili ni lako peke yako.

Nataka ujue jinsi nilivyopata habari kwamba Papa amekufa.

Mnajua kwamba nafanya kazi studio. Mnachojua nyinyi ni nyimbo, zile kwaya za parokia na vijana wanaotaka kuwa mastaa. Sikuwaambia kwamba nyimbo zimepungua na sasa tunaishi kwa matangazo ya vifo. Redio za hapa mjini zinatuletea sauti zilizorekodiwa kwa simu, zimejaa majogoo na pikipiki, nasi tunazisafisha kabla hazijapita hewani. Nilikuwa naona aibu kuwaambia kwamba mtoto wenu anashinda ndani ya misiba ya watu.

Jumanne asubuhi mkubwa wangu wa kazi, Papa Mathieu, aliniita. "Anselme, iko communiqué moja ya kifo, ya Banalia. Ifanye mbio-mbio, inapita saa sita."

Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nikasema leo nitasikia lafudhi ya kwetu.

Mama, kwenye ordinateur, ile kompyuta ya studio, sauti inaonekana kwa macho. Ni mchoro mrefu unaolala kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu akisema, mchoro unapanda na kushuka. Akinyamaza, unanyooka kama kamba. Juu yake kuna mstari mwembamba unaotembea, na pale mstari ulipo ndipo sauti ilipo. Unabonyeza kitufe kirefu, mstari unatembea. Unabonyeza tena, unasimama. Unaweza kuurudisha nyuma neno moja tu, ukalisikia mara mia, na aliyelisema hachoki wala hakasiriki.

Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya Faustin, mdogo wangu niliyemfundisha mimi kuogelea mto Aruwimi. "Familia ya Papa Bernard, muvuvi wa Banalia, iko na huzuni kubwa ya kutangaza kifo ya baba yabo..." Nikabonyeza, mstari ukasimama. Akili ya kitoto iliniambia nisipoutembeza, Papa atakuwa bado hajafa.

Msiniambie hamkunipigia kwa sababu mtandao haukuwepo. Tangazo lilisafiri kwa mtandao huohuo, likafika zima kabisa.

Niliutembeza mstari, maana saa sita ilikuwa inakuja. "Mujane wake, Mama Odette." Nikarudisha. Mama Odette. Nikarudisha tena. Tangu lini, mama? Miaka yote mtaani wewe ni Mama Anselme. Padri anakuita hivyo, wenye deni na wasio na deni wanakuita hivyo, na wewe mwenyewe ukibisha kwa jirani unasema, "Ni miye, Mama Anselme." Jina la mtoto wa kwanza halivuliwi kama kitambaa cha kichwa.

Halafu Faustin akasema, "Batoto yake ni..." akanyamaza. Kisha: Odette, mwalimu; Faustin, mvuvi; Charlotte, aliyeolewa Basoko. Basi. Wakafuata wakwe, wajukuu, wakafuata hata majirani.

Nilijitafuta, mama. Nilirudisha mstari mpaka mwanzo nikasikiliza yote tena, nikijiambia labda wameniweka pamoja na ndugu wa mbali, kwa haraka. Sikuwepo. Nikasema basi kuna mtu amenikata, Tonton Gaspard, ndugu yake Papa, amepita na mkasi wake. Kukata najua, ndiyo kazi yangu. Mtu akikata sauti, nyuma yake kunaruka, mvua inakatika ghafla au jogoo anaishia katikati. Nikaukuza mchoro mpaka sekunde moja ikajaa kioo chote. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye mabati ya nyumba yetu, sawasawa, bila kuruka. Hakuna aliyekata kitu.

Palikuwa na ule ukimya tu, sekunde nne kabla ya jina la Odette. Na kamba ya ukimya haikuwa imenyooka. Katikati ilivimba kidogo. Nikapandisha sauti, nikavaa casque masikioni, nikaziacha zile sekunde nne zijirudie zenyewe, zikifika mwisho zinaanza upya. Mara ya tatu nikasikia. Ulikuwa wewe. Ulisema polepole, kama unavyomwambia mtu mlango uko wazi: "Anza na Odette."

Sijui nilisikiliza mara ngapi. Nilipunguza mwendo, sauti yako ikawa nzito kama ya mwanamume, lakini maneno yalibaki yaleyale. Wazee wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jumanne ile niliona wamesahau kutuambia nani anaujua uchungu unaotoka kwa mzazi.

Usinieleze sababu, ninazijua. Tonton Gaspard anaitaka parcelle ya ndugu yake tangu Papa alipoanza kukohoa, na ukiweka mbele yake mtoto uliyekuja naye mgongoni, atapata mahali pa kushika, aseme mtoto wa watu anakuja kurithi. Umeogopa kutolewa nje. Nakuelewa, mama, na hapo ndipo panaponiuma. Ungenipigia ukasema, "Mwanangu, kwa ajili ya nyumba nitakuacha nje ya orodha," ningekubali kabla hujamaliza. Hukuniomba. Uliamua, ukanyamaza, ukategemea nitasikia kwa watu.

Papa hangefanya hivyo. Nilikuwa na miaka tisa Tonton Gaspard alipomuuliza mbele yangu atalisha mtoto wa watu mpaka lini. Papa alikuwa anashona wavu, hakuinua hata kichwa. "Mutoto alikuya mu mugongo ya mama yake, lakini alishukia kwangu." Wewe ulikuwepo, ulicheka mpaka ukafuta machozi.

Nikuambie na dhambi yangu. Ninayo sauti ya Faustin kwenye simu, ya Pasaka, anaanza kwa kuniita kaka, "Yaya Anselme, uko?" Nilikata yale maneno mawili ya mbele, nikayapachika kwenye ule ukimya, kabla ya Odette. Yalikaa vizuri ajabu, hata mvua nilipata ya kuyafunika. Nikasikiliza orodha nzima nikiwa ndani yake. Kisha nikafuta. Aliyetakiwa kuniweka pale si mashine.

Papa Mathieu alikuja nyuma yangu, akachukua casque, akasikiliza. "Iko sauti ya mama moja mu kati," akasema. "Itoshe ile, ifute, batu batauliza ni nani." Kisha akanitazama. "Unalia? Ule marehemu ulimujua?"

"Kidogo," nikasema.

Nikaitoa sauti yako, mama. Nilianzia pale unapovuta pumzi mpaka pale Faustin anapojibu "Mm", nikaipaka mvua juu. Tangazo limepita mara tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, na hakuna mtu Kisangani aliyekusikia ukinikataa. Nimekusitiri. Usije ukasema sikukusitiri.

La saa tisa nilisikia sokoni. Mama mmoja anayeuza majani ya pondu ana redio kando ya vifurushi vyake. Orodha ilipokwisha akasikitika, "Papa muzima vile, aliacha batoto batatu tu? Unabajua?" Nikamjibu hapana. Kwa hiyo sasa tumekanana pande zote mbili, na mimi sijivunii.

Nisalimie Koko Régine, mama yake Papa, mwambie nasikitika kwamba amezikiwa mwanawe nikiwa mbali. Msalimie Odette, mwalimu wetu, na Charlotte kama bado hajarudi kwa mume wake. Faustin mwambie amesoma vizuri, bila kukwama, isipokuwa mahali pamoja, na pale alipokwama ndipo nilipojua ananipenda. Tonton Gaspard naye msalimie. Adabu ulinifundisha wewe.

Tangu Jumanne sijanyoa. Nimeziacha nywele kama anavyoziacha mtoto aliyefiwa na baba, na hapa studio wameanza kunicheka. Siku ya kutoa matanga nitakuja. Nitakaa na wageni, upande wa barabara, nitatoa nilicholeta kama wageni wengine. Wembe utakapoletwa, watoto wa marehemu wakaitwa mmoja mmoja wanyolewe, mwenye kuita ni mjane, hilo hata Tonton Gaspard hawezi kukunyang'anya. Sitakohoa, wala sitakutazama usoni. Ukiniita nitakuja niiname mbele yako. Usiponiita, jioni ileile nitapanda pikipiki nirudi Kisangani na nywele zangu kichwani.

Mwanao,

Anselme