Upepo wa Shemeji

Dada yangu Mwanaharusi,

Assalamu alaykum, na shikamoo yangu ikufikie huko Kaole. Natumai mgongo umetulia na watoto hawajambo. Mimi bado nipo wodini. Mistari ikipanda na kushuka nivumilie, naandika kwa jicho moja. Ningepiga simu, ila inakaa mfukoni mwa mumeo Mwishehe, ati nisilichoshe jicho. Sasa hivi ametoka kunitafutia uji.

Najua amekwambia nilijipuliza upepo jichoni mwenyewe. Si kweli, dada. Tulikuwa tunafunga karakana, nguo zimejaa unga wa chuma. Mzee Majaliwa, fundi wetu mkuu, hachoki kusema kwamba mpira wa upepo wa kompresa si wa kukung'utia nguo. Chuma kifagiliwe kwa brashi, na anayeushika mpira avae miwani na apunguze nguvu ya upepo. Tunamwitikia, akigeuka tu tunapulizana. Mumeo ndiye kinara wetu. Nilikuwa nimeshavua miwani aliponielekezea mpira usoni, akisema shemeji anaogeshwa. Karakana nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, kabla jicho halijawaka moto.

Unajua kwetu shemeji ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Hapo ndipo niliponasa. Akitoka kazini anakuja kunilisha na kuniosha, ananitania mpaka wagonjwa wenzangu wananionea wivu. Kisha ananiinamia na kuninong'oneza kwamba mkaguzi wa usalama kazini akija nishikilie palepale, nilijipuliza, maana yeye akifukuzwa mtakaoumia ni wewe na watoto. Nashindwa hata kulia. Daktari amekataza, na Mwishehe haondoki.

Dada, jicho la kushoto limekufa. Daktari aliniambia juzi. Mwishehe sijamwambia, kwa sababu atalia, nami nitamhurumia. Na jana alinisimulia, huku akicheka, kwamba karakana bado wanaogeshana, safari hii zamu ilikuwa ya mwenzetu Masoud. Nilimtazama nikaogopa sana.

Mkaguzi anakuja kesho. Nitamwambia ukweli, mumeo akiwa amesimama pale pale. Sikuombi ruhusa, ila sikutaka uusikie kwake kwanza.

Barua hii anakuletea Sabiha, mke wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Wabusu wapwa zangu. Wakisikia mjomba amemchongea baba yao na wakanichukia, usiwagombeze.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mikidadi