Upande wa Hapana

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje huko, na yule bibi unayemlea bado anakukatalia dawa? Sisi tuko salama, salama yetu ya siku zote. Shangazi analalamikia mgongo, mimi nilishikwa na mafua, na Baba yuko vilevile. Mkono wa kulia haujarudi, sauti nayo haijarudi, na kichwa anakitikisa ovyo, hujui kama ni ndiyo au hapana.

Ulisema kwenye simu nameza maneno, bora niandike. Basi naandika. Mwalimu wa kompyuta ametugawa watatu watatu. Kila kundi limtafute mtu mmoja mwenye shida, limtengenezee programu ya kumsaidia. Haturuhusiwi kukaa darasani na kujitungia. Tunamwangalia kwanza anavyoishi, tunamuuliza, tunachora kwenye karatasi, tunampa ajaribu, tunakosea, tunarudia. Sijui ilinitokaje nikasema baba yangu ni fundi cherehani, kiharusi kimemnyang'anya maneno. Wenzangu wakanidaka hapohapo. Sasa Kapteni, yule kijana anayejibu hata swali ambalo hajaulizwa, ndiye msemaji wetu. Mwenzetu wa tatu, Mchoraji, anachora. Mimi kazi yangu ni kuwa na baba.

Masomo haya ni kwa ile lugha ya shule, na kwenye ripoti Baba anaitwa mtumiaji. Nikiisoma naona kama tunamsema mtu wa mtaa mwingine. Lakini sikusema kitu, unanijua.

Mwanao


9 Machi

Mama wewe, mwanangu,

Marahaba. Pole na mafua, na mwambie wifi yangu apunguze kuinama. Mimi mzima, miguu tu inavimba jioni. Bibi wangu leo kanitemea dawa kwenye shati halafu akaniomba radhi kwa jina la dada yake.

Nimecheka peke yangu jikoni. Baba yako, mtumiaji? Mtu ambaye hata rimoti alikuwa anakuita utoke chumbani uje umbonyezee?

Sasa sikiliza. Wakala aliyenitafutia kazi huku anataka jibu kabla mwezi haujaisha: niongeze mkataba miaka miwili au nirudi nyumbani. Nikimuuliza wifi ananiambia, "Kaka anasema ubaki." Kaka anasemaje, na sauti hana? Hicho chombo chenu kikiwa tayari, muulize wewe, mkiwa wawili tu. Akitaka nirudi, narudi, mengine tutajua mbele. Ila nataka neno lake mwenyewe, lisipitie kwa mtu.

Mama yako


22 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba. Huku hatujambo.

Kimefanya kazi. Kwenye karatasi tulianza na picha nyingi, Baba akachoka, tukazipunguza hadi zikabaki mbili. Sasa tuna tableti ya shule. Kushoto nusu nzima ni kijani, ndiyo. Kulia nusu nzima ni nyekundu, hapana. Akigusa, inasema kwa sauti. Sauti ni ya Kapteni, kwa sababu nilipojaribu kurekodi yangu walisema haisikiki.

Walikuja nyumbani tukamjaribisha. Una kiu? Ndiyo. Umechoka? Ndiyo. Tufungue dirisha? Ndiyo. Kapteni alikuwa anaweka alama za vema kwenye daftari huku anatabasamu. Mwalimu alitukanya: mtu akiwa anajaribu, usimsaidie, usimwongoze, kaa kimya utazame. Mama, hiyo ndiyo sheria pekee ya shule ninayoiweza bila kujifunza.

Walipoondoka niliburuta kiti karibu yake. Nikamuuliza polepole: Mama abaki huko kazini miaka miwili mingine? Alinitazama mimi muda mrefu, hakuitazama tableti. Halafu akainama, akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa kijani, kisha tena, na tena. Ndiyo.

Nikuambie ukweli? Nilifurahi. Sikufurahi kwamba hurudi. Nilifurahi kwamba amejibu.

Mwanao


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama.

Nilidhani atasema nirudi. Nilishaanza hata kukunja nguo kwa mawazo. Lakini kama ndilo neno lake, basi. Leo asubuhi nimesaini. Mwambie nimemsikia, na nashukuru amenijibu mwenyewe.

Msalimie wifi. Kula vizuri.

Mama yako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui kama uko salama, naomba uwe salama.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaifuta. Jumapili Shangazi alikuwa anagomba kwamba Baba anapoteza chakula, kila siku anaacha nusu. Nikaangalia sahani. Ilikuwa nusu kweli, kama imekatwa kwa rula. Upande wa kushoto mtupu, wa kulia haujaguswa. Nikaizungusha sahani. Akamaliza.

Nikaenda kuchukua tableti, nikamuuliza: Baba, wewe ni mwanamke? Ndiyo. Mimi ni mama yako? Ndiyo. Aliposikia sauti alishtuka, akatafuta kwenye kioo, akagusa kijani tena. Mama, tangu augue Baba haoni upande wa kulia. Hapana yetu hajawahi kuiona. Na sisi hatukujua, kwa sababu hatukumuuliza hata swali moja ambalo jibu lake ni hapana. Tulimuuliza kama wageni wenye adabu. Una kiu, umechoka. Nani angekuja kumuuliza mgonjwa kitu cha kukataa?

Mchoraji alinifundisha kuhamisha vitufe. Nikaviweka vyote kushoto, kimoja juu, kingine chini. Nikamuuliza tena lile swali lako.

Hapana.

Nikabadilisha, cha juu nikakishusha, nikauliza tena. Hapana. Halafu sikuuliza kitu, na yeye akaendelea kugusa mwenyewe, hapana, hapana, kwa sauti ya Kapteni, mpaka Shangazi akatoka jikoni kuuliza ni nani huyo anabishana.

Nilimwambia Kapteni kabla ya siku ya kuonyesha kazi. Akasema, "Majaribio yameshapita vizuri, unataka tuseme mtumiaji haoni? Tutaonekana hatukumwangalia." Nikamwambia kweli hatukumwangalia, ila nilisema chini sana, na yeye alikuwa ameshageuka. Siku yenyewe nilisimama mbele kama nguzo. Mwalimu akauliza kama kuna wa kuongeza. Nilirudi nyuma hatua moja. Tumeshika nafasi ya kwanza. Wametupigia makofi, Mama, na mimi niliinamisha kichwa kushukuru.

Inaweza kufutwa, ile sahihi? Mwambie wakala ni kosa la mwanao. Niko tayari kuongea naye hata kwa simu.

Mwanao


6 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda una kazi nyingi, labda bibi ameugua. Baba anauliza kila jioni. Ananionyesha picha yako ukutani, halafu ananiangalia. Bado hajui kama umesaini. Ninachelewa kurudi kutoka shule makusudi.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Nisamehe kukaa kimya, kila nilipoanza niliishia kwenye salamu.

Nilimwendea wakala. Nilimwambia kuna kosa, mgonjwa hakuona vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mgonjwa ndiye aliyesaini. Pasipoti yangu iko kwenye kabati la mwajiri wangu. Sitarudi kabla ya miaka hiyo kwisha, na tusidanganyane.

Sina hasira na wewe. Hata mimi niliishi naye miaka yote hiyo, na tukipigiana simu ya video sikuwahi kujiuliza kwa nini anatazama pembeni ya uso wangu.

Mwambie nimesaini. Mwambie wewe, asisikie kwa shangazi yako. Ila siku utakayomwambia, usimpe hiyo tableti. Weka mbali. Sitaki kujua atagusa wapi.

Mama yako


24 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimemwambia leo mchana. Nilikaa upande wake wa kushoto ili anione vizuri. Nilisema yote, na kwamba kosa ni letu. Nadhani hapo nilisikika, kwa sababu hakuniomba nirudie.

Tableti nilikuwa nimeifungia kabatini, kama ulivyosema.

Aliitazama meza, pale tableti inapokaa siku zote. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, akautikisa kidogo, akangoja. Aliuacha pale.

Nilijifanya sijaelewa anataka nini.

Mwanao