Sabuni Niliyoipaka Ndege ya Asheri

Kambi ya Mkonge,
Kigombe, Tanga.
9 Juni 2025

Mpendwa shemeji Noa,

Shikamoo. Baridi ya Durban inasemaje? Ritha na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, na safari hii nikisema wazima nashukuru kwelikweli, maana mdogo wako Asheri nusura tumzike.

Ile ndege aliyoiunda mwenyewe bandani, ukamtumia injini, imekamilika na kibali cha majaribio kapata. Majuma mawili yaliyopita aliruka kutoka uwanja wa shamba. Alipofika juu ya mkonge, injini ikakohoa, ikazima. Shemeji, nilikaa chini palepale. Mungu mwema, akaishusha kwenye barabara ya matrekta. Gurudumu moja likapinda, yeye hata mkwaruzo hana.

Alipofungua kifuniko cha tangi, likavuta hewa fyuuu! Petroli ilikuwamo tele ila haishuki. Ni kama kopo la mafuta ya kula, usipotoboa tundu la pili hayatoki. Kumbe kibomba cha kuingizia hewa, kile kinachochungulia chini ya bawa, kilikuwa kimezibwa.

Aliyekiziba ni mimi. Jana yake, jua kali, niliona petroli inadondoka pale. Kumbe tangi likijaa, joto huisukuma petroli itokee hapo; mimi nikasema hii inavuja, itatuunguzia nyumba. Nikachukua sabuni ya mche nikaikandika, kama tunavyoziba tangi la pikipiki. Tena nikajiona mjanja! Asheri aliporudi kazini nikasahau kumwambia.

Aliitoa ile sabuni, akainusa, akanitazama, akaitia mfukoni. Mama alipouliza, akamjibu ni nyigu wamejenga udongo. Unamjua mama! Tangu hapo kutwa anawafukuza nyigu kwa ufagio, masikini, hawana kosa. Mimi nililia mpaka macho yakavimba. Asheri akasema tu, "Mama Edgar, sikukuonyesha kile ni cha nini. Kosa langu."

Sasa kibomba kina wavu wa waya mdomoni, wadudu wasiingie, na juu yake katoboa kitundu cha akiba. Ndege ikilala kibomba kinavishwa kofia yenye utepe mwekundu mrefu, hata kipofu atauona. Kabla ya kuruka kofia inavuliwa, mtu anapuliza kibombani taratibu kwa kipande cha mpira wa maji, mwenzake kaweka kiganja mdomoni mwa tangi asikie hewa ikitoka.

Jana karuka tena. Nilitaka kujifungia ndani, akakataa katakata. Akanipa mpira nipulize mimi, kiganja akaweka yeye. Halafu akapanda, akafunga mkanda, akasema hawashi mpaka nimwambie. Nilikwenda kuchungulia kibomba mara tatu. Kisha nikasema, "Washa, baba Edgar."

Alizunguka dakika ishirini, akarudi.

Nibusie watoto, msalimie sana Ritha. Edgar na mama wanawasalimu. Habari ya sabuni ibaki kwetu sisi watatu, tafadhali. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi shemejiyo akupendaye,
Leticia