Pua ya Nyar Homa

S.L.P. 31,
Homa Bay.
14 Septemba, 1969.

Mpendwa Phelesia, mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote. Habari za Mombasa na joto lake? Habari za masomo? Na goti la mama yako Roseline, bado linamsumbua akipanda ngazi? Mjulishe kwamba ndugu zake wa Migori walipita hapa mwezi jana, wote wazima. Sisi hatujambo. Mume wangu Elijah aliugua homa majuma mawili, lakini sasa anakula vizuri, na mtama tumevuna wa kutosha.

Barua yako ilifika mwisho wa Julai. Umeniuliza juu ya picha uliyoikuta sandukuni mwa baba yako, ya mashua yenye pua ndefu, na kwa nini ulipomwuliza aliichukua mkononi mwako akatoka nje. Nisamehe kwa kukawia kujibu. Ilinibidi nimwandikie yeye kwanza.

Mashua ile ni Nyar Homa, yaani binti wa Homa, mlima wetu huu. Baba yako aliijenga mwaka wa 1960, wewe ukiwa na miaka minne. Klabu moja ya Kisumu ilitangaza mashindano ya matanga ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa mara ya kwanza mafundi wa huku kwetu waliruhusiwa kuleta mashua zao.

Masharti yalikuja kwa Kiingereza. Baba yako hakwenda shule, kwa hiyo nilimsomea mimi, niliyefika darasa la sita. Urefu usizidi futi ishirini na nane. Mstari uliofuata ulikuwa na neno nisilolijua. Wanaume walikuwa wamesimama wakinisikiliza, nikaona haya kusema sijui. Nikauruka.

Laiti ungeona miezi ile, Phelesia. Mbao za mvule zilitoka Uganda kwa meli, na zilipopasuliwa ufuo mzima ulinukia. Elijah alikuwa akiziba viungo kwa pamba na lami, na mpaka leo nikipita wanapotengeneza barabara, ile harufu ya lami hunirudisha pale. Ruqia, mke wa Hemed mwenye duka la nguo, alishona tanga kwa cherehani yake. Kitambaa kilikuwa kingi hata kikatoka mlangoni mpaka barazani, na wanunuzi wakawa wanaruka juu yake kuingia dukani. Hemed hakulalamika. Yeye ndiye aliyepiga hiyo picha.

Jioni nilipeleka uji, nao baba yako na Elijah walikunywa kutoka kibuyu kimoja, wakitaniana. Elijah alizoea kumwambia, "Wewe jenga, shemeji. Kuipeleka niachie mimi." Sijawahi kuona wanaume wawili wakipendana vile.

Pua ndiyo iliyochukua muda. Babu yako, aliyekuwa fundi kule kisiwani Takawiri, alichonga pua ya kila mashua yake ikainuka kama shingo ya korongo, na kuipaka miduara myekundu na myeupe. Alipofariki hakuna aliyeendelea. Baba yako alikaa majuma matatu juu ya pua hiyo peke yake. Alipomaliza alinishika bega akasema, "Zilpah, mzee angeitambua."

Elijah na wenzake wanne waliipeleka Kisumu kwa tanga. Mimi nilitangulia kwa meli ili niwapikie. Baba yako alikuwa afuate kwa basi pamoja na mama yako na wewe.

Ijumaa alasiri wapimaji walikuja na utepe wao. Mashua yenyewe ilikuwa sawa, lakini walisema urefu unahesabiwa pamoja na kila kinachotokeza mbele na nyuma. Ndilo lile neno nililoliruka. Pua ilizidi. Wakasema tuikate kabla ya asubuhi au turudi nyumbani.

Elijah alikataa. "Hii si yangu kuikata. Tumngoje mwenyewe." Basi lenu lilikuwa limekwama mtoni, na hatukuwa na njia ya kujua. Nilifikiria ile miezi yote, nikafikiria kwamba kosa ni langu. Nikamwambia, "Ikate. Mimi ni dada yake, najua angekubali." Nikamletea msumeno kwa mikono yangu.

Asubuhi Nyar Homa iliondoka ikiwa ya tatu. Kwenye kona ya mwisho upepo ulibadilika, mashua ya Uganda ikakawia kugeuza tanga, na Elijah akapenya kati yake na ile nyingine ya mbele, akazipita zote mbili. Tulishinda kwa urefu wa mashua moja. Watu waliingia majini na nguo zao. Na hapo ndipo nilipomwona baba yako amesimama mchangani na vumbi la safari, amekubeba wewe, akiitazama ile mbao iliyokatwa.

Aliuliza, "Nani amekata?"

Elijah akasema, "Mimi."

Alinitazama mara moja tu, nikajua ananipa nafasi ya kusema. Sikusema. Mwezi huohuo mlihamia Mombasa. Kwa miaka tisa Elijah amebeba lawama yangu, na hajanitajia hata siku tuliyogombana.

Mafuriko ya mwaka uliofuata yalimeza pale ilipojengwa. Nyar Homa ilibeba samaki wa Takawiri, mahindi, hata maharusi. Sasa imepandishwa nchi kavu na mbao mbili zimeoza, watu wakimshauri Elijah aivunje kuni. Barua yako ilipofika nilimsomea Elijah, nikamwambia namwandikia kaka yangu Maurice yote. Akasema, "Andika pia kwamba ilikwenda vizuri. Hakuniuliza kamwe ilikwendaje."

Niliandika yote. Jibu la baba yako limefika Jumanne. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini alichoandika ni mistari miwili tu: Elijah asiivunje, na apime pale pua ilipokatwa, upana na unene, amtumie vipimo. Elijah alitoka na utepe hata chai hakumaliza. Vipimo nimevituma leo asubuhi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona baba yako analeta nyumbani gogo la mvule, msogezee taa, wala usimwulize kitu.

Msalimie mama yako, na Jared mdogo wako ambaye bado sijamwona. Ruqia na Hemed wanakukumbuka. Mungu awafunike, na njia ya kuja huku iwe nyepesi kwenu.

Ni mimi shangazi yako akupendaye daima,

Zilpah