Harufu Ikiisha Saa Sita

Makole, Dodoma
Alhamisi

Kaka Elia,

Kabla hata ya salamu, nakuomba: isome barua hii peke yako, na hata neno moja lisimfikie mama. Akijua, atampigia mjomba Lameki siku hiyo hiyo, maana ni kaka yake, nami nitakuwa sina pa kukanyaga.

Shikamoo kaka. Hamjambo hapo Gulwe? Mama magoti yanamwendeaje na baridi hii? Mimi mwilini ni mzima. Moyoni si mzima.

Unaijua karakana ya mjomba pale Kizota, ya mageti na vitanda vya chuma. Rangi huchanganywa na thina, ile dawa ya kuilainisha, hupulizwa asubuhi, na jua letu huikausha kabla chai ya saa nne haijapoa. Harufu yake huwasha macho. Ikifika saa sita imekwisha, na kila mtu anasema hewa imesafika. Hata mimi mwezi wa kwanza nilisema hivyo, mimi niliyesoma kemia miaka mitatu!

Haijasafika, kaka. Ndani ya thina mna tolueni, zaileni na ndugu zao, ambao wakemia huwaita hidrokaboni aromatiki. Mvuke wao haupotei. Unapanda, unakutana na moshi wa malori na pikipiki, kisha jua linaupika. Kinachotoka humo ni gesi ya ozoni, pamoja na chembe ndogo kuliko vumbi. Ozoni ya juu kabisa angani hutukinga na mionzi mikali ya jua. Hii ya usawa wa pua huchoma mapafu. Hainuki rangi, kwa hiyo hakuna anayeishuku, na upepo huibeba mbali na waliomwaga thina. Sisemi ni karakana yetu peke yake. Mji una magari, una vituo vya mafuta. Lakini sehemu yetu imo.

Mama Rehema, mwenye nyumba wangu, ana pumu. Asubuhi anafagia ua akiimba. Alasiri anakaa kizingitini, anavuta pumzi kama anayevuta kamba ya kisima. "Vumbi tu, mwanangu," ananiambia. "Dodoma na vumbi ni mtu na dada yake." Nacheka naye, kisha naingia ndani kwa aibu.

Aibu ni hii. Wakaguzi wa mazingira walifunga kifaa cha kupimia hewa kwenye ukuta wa karakana. Kazi yangu kama karani ni kusoma namba zake asubuhi, adhuhuri na alasiri, kuzijaza kwenye fomu na kusaini. Namba za ozoni za asubuhi ni ndogo. Za alasiri zilinitisha, nikampelekea mjomba.

"Yunisi, saa hizi unasikia harufu?"

"Hapana, mjomba."

"Basi andika kama asubuhi."

"Lakini kifaa..."

"Kifaa ndicho kilichokutafutia kazi?"

Daudi, mpuliza rangi, akadakia: "Mwache msomi wetu, bosi. Akimaliza kupima upepo apime na uji wangu!" Wakacheka wote. Nikaandika kama asubuhi. Nimeandika hivyo miezi miwili, na kila mstari una saini yangu.

Kuacha kazi siwezi. Vyeti vyangu halisi mjomba amevifungia kabatini mwake, "visipotee," anasema. Simu alininunulia yeye na namba ya siri anaijua. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Kanisani tunakaa benchi moja, na watu wanampongeza kwa kunilea.

Jumatatu alasiri wakaguzi wanarudi. Nitatakiwa kutamka mbele yao kwamba namba zote ni za kweli. Jana mjomba alinisogelea kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. "Saini si yangu, mpwa wangu," alisema. "Ni yako."

Ndani ya bahasha kuna karatasi nane za daftari. Hizo ndizo namba halisi za alasiri. Nilizinakili kila siku kabla ya kujaza fomu, sijui kwa nini, labda woga tu. Hapa hazina usalama, maana shangazi, mke wa mjomba, huja kunipangia nguo. Bila karatasi hizo ni maneno yangu dhidi ya yake. Na bila wewe, kaka, mbele ya mjomba sauti haitatoka. Najijua.

Msalimie mama, mwambie nala vizuri. Bibi shikamoo yake. Wifi mshukuru kwa karanga.

Kama unakuja, njoo na karatasi hizo, na usipige simu yangu. Mpigie Mama Rehema Jumapili baada ya ibada, namba yake nimeiandika nyuma ya barua hii, umwombe tu aniambie karanga zinakuja; nitaelewa. Jumatatu saa tisa nitakuwa nje, kwenye ukuta, nikisoma kifaa, mgongo wangu ukielekea geti. Usiniite jina. Kohoa mara mbili. Hapa kila mtu anakohoa. Hakuna atakayegeuka isipokuwa mimi.

Mdogo wako,
Yunisi